Kusawazisha Folda za Kompyuta: Ujue Kwanza Ipi ni Asili

Kila Ijumaa jioni, katika kituo cha magari cha Gitega, utawakuta watumishi wa serikali wamesimama na mikoba yao wakisubiri gari la kuwateremsha Bujumbura. Tangu Gitega ilipofanywa mji mkuu wa kisiasa mwaka 2019, wengi wetu tumekuwa watu wa makao mawili: ofisi iko huko juu milimani, mke na watoto wako huku chini kando ya ziwa. Gari hupita Muramvya, hufika Bugarama, kisha huteremka kwa kona nyingi mpaka jijini. Zamani mtumishi alisafiri na jalada la karatasi kwapani. Siku hizi husafiri na flashi mfukoni, kitu kidogo kisichozidi kidole gumba, na ndani yake mna kazi ya mwezi mzima.

Ndugu msomaji, makala haya yanahusu kazi hiyo inayosafiri. Yanamhusu kila mwenye kompyuta mbili, au kompyuta moja na flashi, au simu na kompyuta, ambaye hujikuta ana faili moja katika mahali pawili na hajui tena lipi ndilo la sasa. Ipo dawa ya matatizo hayo, nayo si ya gharama. Lakini kama dawa nyingine zote, haifai kunywewa kabla ya kusomwa maelezo yake. Mimi niliinywa bila kusoma, na nitaanza kwa kusimulia yaliyonipata ili mwenzangu asipite njia hiyo hiyo.

Kazi ya siku mbili iliyopotea kwa dakika moja

Nilikuwa nimepewa kazi ya kutengeneza orodha ya madawati katika shule 43. Kila shule ilitakiwa ionyeshe idadi ya wanafunzi, idadi ya madawati mazima, na idadi ya watoto wanaokaa chini. Ofisini niliingiza shule 24. Ijumaa ilipofika nikanakili folda nzima katika flashi, nikateremka nyumbani Buyenzi. Jumamosi na Jumapili niliwapigia simu walimu wakuu waliobaki, nikaandika tarakimu zao kwenye vipande vya karatasi, kisha usiku nikaziingiza zote katika orodha. Kwa haraka zangu nililifungua faili ndani ya flashi yenyewe, bila kulinakili kwanza kwenye kompyuta ya nyumbani. Shule 19 zikatimia. Vile vipande vya karatasi sikuviona tena kuwa na thamani, na Jumatatu alfajiri vikawashia jiko la makaa la kuchemshia chai.

Nilipofika ofisini nilichomeka flashi, nikafungua programu ya kusawazisha folda ambayo mwenzangu mmoja alinisifia. Programu ilionyesha pande mbili, kushoto na kulia. Nikaiweka folda ya ofisini kushoto na folda ya flashi kulia. Kisha nikachagua njia iitwayo kioo, kwa kuwa jina lake lilinipendeza: nilifikiri kioo maana yake pande zote mbili zitafanana. Nikabonyeza. Kwa kweli zilifanana. Lakini njia ya kioo huufanya upande wa kulia uwe sawasawa na upande wa kushoto, na upande wangu wa kushoto ndio uliokuwa wa zamani. Orodha ya shule 43 ikafunikwa na orodha ya shule 24. Nikatafuta kwenye pipa la takataka la kompyuta, nisione kitu, kwa maana kwa kawaida faili linalofutwa kutoka kwenye flashi haliendi pipani. Huondoka moja kwa moja.

Ilinibidi niwapigie tena simu walimu wakuu 19, na kwa shule mbili zilizo mbali na mnara wa simu nikaenda kwa pikipiki. Orodha iliyotakiwa Jumanne ilifika Alhamisi. Wakati huo mgao wa kwanza wa madawati ulikuwa umekwisha kupangwa, na zile shule mbili zikasubiri mgao wa pili. Programu haikukosea hata kidogo, ilifanya nililoiamuru. Waliokaa sakafuni kwa majuma zaidi ni watoto ambao hawakujua kompyuta ni nini.

Kusawazisha ni nini?

Folda ya kompyuta ni mfano wa jalada la ofisini: ni mahali pa kukusanyia mafaili ya jambo moja. Kusawazisha folda ni kuzifanya folda mbili zilizo mahali pawili ziwe na vitu vile vile, kwa hali ile ile ya karibuni. Ukifanya kazi nyumbani, ofisini pawe na kazi hiyo. Ukiongeza jambo ofisini, nyumbani lionekane.

Haja hiyo si ngeni. Mwaka 1995, programu ya Windows 95 ilipotolewa, ilikuwa na folda maalum iliyoitwa Briefcase, yaani mkoba, kwa ajili ya watu waliobeba kazi zao kwa diski laini baina ya kompyuta mbili. Mkoba ule umekwisha kuachwa, lakini shida iliyouleta ipo pale pale. Wengi wetu tunaitatua kwa mkono. Tunanakili faili, tunaliita "orodha mpya", kesho yake "orodha mpya kabisa", keshokutwa "orodha ya mwisho", na baada ya mwezi hatujui ya mwisho ni ipi baina ya tatu za mwisho. Programu ya kusawazisha hutuondolea kazi hiyo ya kubahatisha.

Programu hujuaje faili lipi ni jipya?

Programu haina akili ya kusoma orodha yako na kutambua kwamba shule 43 ni nyingi kuliko 24. Aghalabu hutazama mambo matatu tu: jina la faili, ukubwa wake, na saa na tarehe lilipobadilishwa mara ya mwisho. Jina likiwa moja, na ukubwa na saa vikiwa sawa, programu huamini kwamba mafaili ni yale yale na huyapita. Vikitofautiana, huyaorodhesha kuwa yamebadilika. Programu nyingine zaweza pia kuamriwa zilinganishe yaliyomo ndani, neno kwa neno, lakini jambo hilo huchukua muda mrefu.

Kutokana na hayo utaona kwamba saa ya kompyuta ina kazi kubwa. Ndani ya kompyuta ya mezani mna betri ndogo ya duara, mfano wa kifungo cha koti, inayoiendesha saa wakati umeme umekatika. Betri hiyo ikifa, kila umeme unapokatika saa hurudi nyuma miaka mingi. Faili utakaloandika leo litapigwa muhuri wa tarehe ya zamani, na programu inayofuata kanuni ya "jipya lishinde" itaihesabu kazi yako ya leo kuwa ndiyo kuukuu, iifunike. Kwa hiyo, kabla ya kusawazisha, tupia jicho tarehe na saa katika pembe ya kioo cha kompyuta. Kama haiendi sawa, isahihishe, na umwombe fundi abadilishe betri. Ni kitu cha bei ndogo.

Wala usitishike ukiona tofauti ya sekunde moja au mbili. Flashi nyingi huandika saa kwa kuruka sekunde mbili mbili, na programu nzuri hulijua jambo hilo, haziihesabu tofauti ndogo namna hiyo kuwa badiliko.

Madaftari mawili ya fundi cherehani

Jioni ya Jumatatu ile nilimpigia simu mke wangu kumweleza msiba wangu. Yeye ni fundi cherehani, na hajapata kutumia programu ya aina hiyo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Baba watoto, kati ya vitabu vyako viwili, kipi ndicho asili?" Nikakosa la kujibu. Akaendelea, "Mimi nina daftari dogo la kibandani na daftari kubwa la nyumbani. Vipimo na malipo ya mchana huandika katika dogo. Jioni huyafungua yote mawili mbele yangu, nikayasoma yote mawili kwanza, ndipo nichukue kalamu. Na kitu nisichokitaka sikifuti. Nakipiga mstari mmoja, kibaki kinasomeka, kwa sababu kesho mteja aweza kuja na ubishi."

Maneno hayo yalinifunza kuliko sifa zote za programu. Ukiyachunguza utaona mna kanuni tatu: ujue asili ni ipi, usome pande zote mbili kabla ya kuandika, na cha zamani kisifutwe kabisa. Kwa kanuni hizo hizo tutazame njia ambazo programu za kusawazisha hutupa.

Njia ya kwanza ni kioo. Upande mmoja ni asili, wa pili ni kivuli chake. Kila kilicho katika asili hupelekwa kwenye kivuli, na kila kilicho katika kivuli lakini hakimo katika asili hufutwa. Njia hii ni nzuri kwa kutengeneza nakala ya kuweka kabatini. Ni ya hatari kwa mtu anayefanya kazi pande zote mbili, maana kazi ya upande wa kivuli haihesabiwi kuwa kazi.

Njia ya pili ni kuongeza tu. Vitu vipya na vilivyobadilika katika asili hupelekwa upande wa pili, lakini huko hakifutwi kitu kwa sababu tu hakimo katika asili. Ni njia ya upole. Ubaya wake ni kwamba mafaili uliyoyatupa kwa makusudi yataendelea kukaa upande wa pili na kujaza nafasi.

Njia ya tatu ni ya pande mbili. Hapa hakuna asili ya kudumu. Badiliko lililofanywa upande wowote hupelekwa upande mwingine. Ili kuifanya kazi hiyo vizuri, programu yapaswa kukumbuka hali ilivyokuwa safari iliyopita. Fikiri: faili lipo nyumbani, ofisini halipo. Je, limeongezwa nyumbani au limefutwa ofisini? Kwa kutazama pande mbili tu huwezi kujua. Programu yenye kumbukumbu hujua, kwa kuwa iliandika mara ya mwisho kilichokuwapo.

Njia hii ya tatu ndiyo iliyonifaa mimi, kwani nafanya kazi huku na huko. Lakini nayo ina fundo moja. Ikiwa faili moja limebadilishwa pande zote mbili tangu safari iliyopita, mathalani karani mwenzako ameongeza shule tatu ofisini na wewe umeongeza tano nyumbani, programu haiwezi kuamua. Programu nzuri husimama na kukuuliza. Hapo usibonyeze kwa kukisia. Fungua mafaili yote mawili, uyasome, uyaunganishe kwa mkono wako.

Programu zenyewe

Programu za kazi hii ni nyingi, na baadhi ya zilizo bora hutolewa bure. FreeFileSync, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2008, hufanya kazi katika Windows, Linux na kompyuta za Apple. Huonyesha pande mbili na mishale katikati inayoeleza kila faili litaelekea wapi. Njia zote tatu nilizozitaja zimo ndani yake, na kwa mtu anayeanza ndiyo ninayoiona nyepesi kueleweka.

Mwenye Windows anayo tayari Robocopy, ambayo tangu toleo la Vista imekuwa sehemu ya Windows yenyewe. Haina picha wala mishale. Huamriwa kwa maneno. Neno /MIR huiambia ifanye kioo, pamoja na kufuta kwake kote. Neno /L huiambia iorodheshe tu kitakachofanyika bila kufanya lolote. Asiyetumia /L kwanza amejitafutia msiba kama wangu.

Katika Linux iko rsync, iliyotangazwa mwaka 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras huko Australia. Ubora wake mkubwa huonekana pale kompyuta mbili zinapokuwa mbalimbali na njia baina yao ni nyembamba. Badala ya kupeleka faili zima lililobadilika mstari mmoja, kompyuta yenye nakala ya zamani huigawa nakala hiyo vipande vipande, hupiga hesabu fupi ya kila kipande, na kupeleka hesabu hizo peke yake. Kompyuta yenye faili jipya hutafuta vipande vinavyolingana, kisha hurudisha vile tu ambavyo mwenzake hana. Mwalimu aliyepata kumsomea mwanafunzi masahihisho kwa simu atalielewa jambo hili: humsomei daftari zima, unamsomea mistari iliyobadilika.

Iko pia Unison, iliyotungwa katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, na Benjamin Pierce na wenzake. Hiyo ni ya pande mbili kwa asili yake, na hukuuliza palipo na ugomvi wa mafaili. Mwisho nitaje Syncthing, iliyotolewa mwaka 2013, ambayo husawazisha folda baina ya kompyuta na kompyuta, au kompyuta na simu ya Android, bila kuweka mafaili katika ghala la kampuni yoyote. Vyombo viwili vikiwa katika mtandao mmoja wa nyumbani, kazi hupita humo humo, pasipo kutumia bando la intaneti. Panapotokea ugomvi wa faili moja kubadilishwa pande mbili, huihifadhi nakala iliyoshindwa kwa jina jingine, nawe ukaikuta.

Namna ya kufanya

Sasa tuje katika kazi yenyewe. Hatua hizi ndizo ninazozifuata mimi, na zafaa kwa programu yoyote utakayoichagua.

1. Tenga folda moja ya kusawazishwa, uipe jina rahisi, kama vile "Kazi". Weka humo nyaraka zako tu. Usijaribu kusawazisha kompyuta nzima, wala folda ambazo Windows yenyewe inazitumia.

2. Folda hiyo iwe na jina lile lile ofisini, nyumbani na katika flashi. Majina yakitofautiana, jicho lenye usingizi hukosea.

3. Flashi iwe mjumbe, isiwe meza ya kazi. Ukifika nyumbani, sawazisha flashi na kompyuta, kisha fanya kazi ndani ya kompyuta. Ukimaliza, sawazisha tena kabla ya safari. Ukifanya hivyo, kila mara kazi yako iko walau mahali pawili. Ningelifuata sharti hili moja, shule 19 zingekuwa zimebaki Buyenzi.

4. Kabla ya kuanza, funga nyaraka zote zilizo wazi, na uitazame saa ya kompyuta.

5. Amuru programu ilinganishe kwanza, isiandike. Kisha isome orodha. Ni mafaili mangapi yatanakiliwa, mangapi yatafunikwa, mangapi yatafutwa? Mishale inaelekea upande gani? Kama ulifanya kazi katika mafaili mawili tu jana, na programu inasema itafuta mafaili 60, simama. Kuna jambo haliko sawa.

6. Washa sehemu ya programu inayohifadhi vitu vilivyofunikwa au kufutwa katika folda ya pembeni. Mimi nimeiita folda hiyo "Zamani". Huo ndio ule mstari mmoja wa mke wangu: kitu kimekatwa, lakini bado chasomeka. Kila baada ya miezi mitatu naipunguza.

7. Bonyeza sasa kusawazisha, usubiri mpaka mwisho. Usichomoe flashi kwa pupa. Iamuru kompyuta iiachilie kwanza, kwa maana faili lililokatwa katikati ya kuandikwa huweza lisifunguke tena.

8. Fungua faili moja upande wa pili, uhakikishe kwamba kazi yako imefika kweli.

Kwa mtu asiyepata kuitumia programu ya aina hii, nampa zoezi tulilozoea sisi tuliopitia chuo cha ualimu: jaribu kwa vijiti kabla ya kuhesabu fedha. Tengeneza folda mbili za kujifunzia. Katika ya kwanza weka mafaili matatu yenye sentensi moja moja. Sawazisha. Badilisha faili moja upande wa kwanza, futa jingine upande wa pili, ongeza la nne. Kabla ya kubonyeza, andika kwenye karatasi unachotarajia kitokee. Kisha linganisha karatasi yako na orodha ya programu. Ukipata sawa mara tatu mfululizo, waweza kuigusa folda ya kazi.

Kusawazisha si kuweka akiba

Nimebakiwa na jambo moja, na ndilo wengi hulisahau hata baada ya kuijua kazi hii. Folda zilizosawazishwa hufanana kwa mema na kwa mabaya. Ukilifuta faili kwa bahati mbaya upande mmoja, usawazishaji wa pande mbili utalifuta kwa uaminifu upande wa pili. Virusi vikiyaharibu mafaili yako ofisini, usawazishaji utauleta uharibifu nyumbani. Kwa hiyo mwenye folda mbili zinazofanana kila siku asijidanganye kwamba ana akiba. Ana kitu kimoja kilicho mahali pawili.

Tusidhani kwamba misiba ya namna hii ni yetu sisi wenye flashi na kompyuta kuukuu tu. Mwaka 1998, huko California, Marekani, studio ya Pixar ilikuwa ikitengeneza filamu ya katuni iitwayo Toy Story 2. Kazi yote ilikuwa ndani ya kompyuta. Siku moja mtu alitoa amri ya kufuta mahali pasipostahili, na wafanyakazi, akiwamo Oren Jacob, wakaona wahusika wa filamu wakipotea vipande vipande mbele ya macho yao. Sehemu kubwa sana ya filamu ilifutika. Studio ilikuwa na utaratibu wa akiba, lakini walipoifungua akiba hiyo waliikuta haikukamilika. Ilikuwa imeharibika, na hakuna aliyekuwa ameijaribu.

Waliokolewa na nyumba ya mfanyakazi mmoja. Galyn Susman, mmoja wa wakuu wa ufundi wa filamu hiyo, alikuwa amejifungua mtoto na akawa anafanya kazi nyumbani. Kwa ajili hiyo alikuwa na kompyuta nyumbani kwake yenye nakala ya filamu. Wakaenda kuichukua kwa gari, wameizungushia mablanketi, wakairudisha studio polepole kama mtu anayebeba mayai. Kisha wakakaa siku kadhaa wakilinganisha mafaili, lipi ni jipya, lipi ni la zamani, kazi ile ile tunayoizungumzia hapa. Baadaye hadithi ya filamu ilibadilishwa na sehemu kubwa ikatengenezwa upya, na filamu ikatoka Novemba 1999. Lakini nakala iliyowanusuru ilikuwa nyumbani kwa mama mwenye mtoto mchanga.

Nakala ile ilifaa kwa sababu mbili. Ilikuwa mbali na ofisi, na haikuwa imefuata kila badiliko kwa dakika ile ile. Laiti ingalisawazishwa mara tu baada ya ile amri ya kufuta, nayo ingalifutika.

Kwa hiyo wataalamu hufundisha kanuni nyepesi: kitu cha thamani kiwe na nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na nakala moja iwe nje ya nyumba. Kwa familia ya kawaida jambo hilo haliko mbali. Kazi iko katika kompyuta ya ofisini na ya nyumbani, na diski moja ya nje hufungwa kwenye kitambaa na kuwekwa kwa ndugu au jirani mwaminifu. Diski hiyo haiingii katika usawazishaji wa kila juma. Huletwa mara moja kwa mwezi, nayo husawazishwa kwa njia ya kuongeza tu, huku vile vinavyofunikwa vikihifadhiwa katika "Zamani". Na kila inapoletwa, tunafungua mafaili mawili au matatu kuyatazama. Akiba isiyojaribiwa ni sawa na ghala ambalo mlango wake haujapata kufunguliwa: hujui kama mna mahindi au mna panya.

Tulipoanza utaratibu huo nyumbani, mke wangu alitoa orodha yake mwenyewe ya vitu vya kutunzwa. Kwanza ni picha za vyeti: vyeti vya kuzaliwa vya watoto, cheti chetu cha ndoa, cheti changu cha ualimu. Pili ni picha za daftari lake kubwa, ukurasa kwa ukurasa, maana moto wa jiko haubagui. Tatu ni picha za mama yake mzazi, ambaye hatunaye tena, zilizokuwa katika simu moja ya zamani ambayo kioo chake kimepasuka. Picha hizo hazikuwa mahali pengine popote. Orodha yangu ya madawati niliweza kuikusanya tena kwa simu na pikipiki. Picha zile zingepotea, hakuna mwalimu mkuu ambaye ningempigia.

Siku hizi, Ijumaa jioni, kabla sijakwenda kituoni, hufunga nyaraka, hutazama saa, hulinganisha, husoma orodha ya programu mpaka mwisho, ndipo hubonyeza. Kazi hiyo hainichukui dakika kumi. Jumapili usiku hurudia kule Buyenzi, kompyuta ikiwa juu ya meza ile ile ambapo mke wangu amefungua madaftari yake mawili. Na kabla kidole hakijashuka, hujiuliza lile swali lake: ipi ndiyo asili? Siku nisiyo na jibu la hakika, sisawazishi. Huziacha folda zote mbili kama zilivyo mpaka niyafungue mafaili na kuyasoma kwa macho yangu.